Mapazia ya Shinjuku na Hitma ya Kaka Athumani

Dada Esta, ndugu Kimaro, na wote mliokuwapo Jumapili ile kule Flemingsberg,

Mwandiko wangu utawasumbua macho, nalijua hilo kabla hamjaanza. Herufi zinalaliana, na neno nisilolijua nimeliandika kama ninavyolisikia. Shule yangu iliishia darasa la saba, na hapa mezani Jakobsberg ukurasa mmoja unanimalizia jioni nzima. Lakini kwangu kuandika ni nafuu kuliko kusema. Mliniuliza safari ilikuwaje, nikaitazama sahani. Dada Esta akasema, "Hamza, si uongee basi, ama Wajapani walikukata ulimi?" Mkacheka, nami nikacheka, nikapanda treni nikarudi kwangu bila kuwajibu. Majibu ni haya.

Kwa wasiojua chanzo: kaka yangu Athumani ni baharia. Aliondoka Tanga miaka mitano iliyopita akamwacha mkewe, Zuhura, ndoa yao haijatimiza mwaka. Barua zake zilikuja miaka miwili, kisha zikakatika. Ya mwisho ilisema ameshuka melini Japani, anachoma mishikaki katika vichochoro vya nyuma ya stesheni ya Shinjuku, mjini Tokyo. Nambari ya nyumba hakuandika. Kiangazi hiki Baba Mdogo akaniandikia kwamba wazee wamekaa na kadhi ameulizwa. Mwisho wa Shaabani Athumani atasomewa hitma kama marehemu, Zuhura ataingia eda, na eda ikiisha yuko mtu tayari anayemtaka. Chini ya barua Mama aliongeza mstari wake: "Mwanangu, moyo wangu haujaambiwa kwamba amekufa."

Ndipo nikaenda. Habari za tiketi na mihuri nimeziruka, hazina utamu.

STOCKHOLM HADI LENINGRAD

Meli ya kwenda Finland ilijaa watu wa likizo, wanacheza muziki na kuangushana. Mimi nilikaa karibu na mlango, begi mapajani, nikihesabu siku. Kwenda siku kumi na tatu, Tokyo siku sita, kurudi siku kumi na tatu. Mkuu wa jiko ninakoosha vyombo hapa Stockholm alikuwa amenipa ruhusa akaongeza, "Ukichelewa, masufuria yatapata bwana mwingine."

Mpakani mwa Urusi, tukiwa sasa ndani ya treni, askari kijana mwenye masikio mekundu alipekua begi akatoa picha ya Athumani. Akaitazama picha, akanitazama mimi. Tunafanana sana, isipokuwa yeye ana masharubu. Akamwita mwenzake, naye akamwita wa tatu. Nilielewa polepole kwamba wanadhani picha ni yangu na nina pasi nyingine nimeificha kwa jina jingine. Wakanishusha. Nilitaka kusema "ni kaka yangu", lakini nikitazamwa na watu watatu hata Kiswahili kinanitoroka, sembuse Kirusi. Akaja mama mmoja mwenye nyota begani, akaziba masharubu ya picha kwa kidole, akanigeuza uso upande, akalinganisha masikio. Akacheka puu, akanirudishia picha yangu. Treni ilikuwa imesimama dakika arobaini, na abiria wote wamejaa madirishani kunitazama. Nilirudi kwenye kiti changu nimeloa jasho.

SIKU SABA ZA CHAI

Kutoka Mosko treni inakwenda siku saba mchana na usiku. Kila behewa lina birika kubwa la makaa mwishoni na mama mmoja wa kulitunza. Chai haina maziwa, inaletwa katika glasi yenye kishikio cha chuma. Nilikula mkate, matango na mayai ya kuchemsha ambayo wanawake huuza kwenye majukwaa.

Kitandani pa chini palikuwa na bibi wa Omsk. Siku ya kwanza alinikatia kipande cha mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi, meupe kama sabuni. Nikatikisa kichwa. Akanisogezea tena. Nikashika tumbo, maana sikujua ishara gani nyingine ya kukataa. Kumbe nimesema naumwa! Kuanzia hapo bibi alinifanya mgonjwa wake: chai ya majani machungu, blanketi, mkono kwenye paji la uso. Kila niliposimama alinilaza. Alipofika kwao alinibariki akashuka akilia, nami nikabaki na aibu, kwa kuwa nilikuwa mzima kabisa.

Jambo la saa nalo ni hili. Saa zote za stesheni na za treni zinafuata Mosko, hata ukiwa mbali namna gani. Tulipofika Chita jua lilikuwa utosini, na saa ya ukutani ilionyesha sita kamili. Moyo wangu ukaruka. Nilisema, jamani, watu hawa wanahesabu saa kama sisi! Siku ile nilijiona niko nyumbani, nikapanga mambo yangu yote kwa saa ile. Siku ya pili, mbele sana, nilishuka kununua mkate nikiamini nina muda wa kutosha kwa kulitazama jua, kumbe jua na saa ile vimeshaachana. Treni ikaanza kuondoka. Nilikimbia na mkate kwapani, mama wa birika akanivuta kwa ukosi wa shati akinitukana mpaka nikakaa. Saa zetu za Kiswahili ziliishia Chita.

MELI NA TUFANI

Nakhodka, bandari iliyo mwisho wa reli, tulipanda meli ya kwenda Yokohama. Ilikuwa iende siku mbili na kidogo. Siku ya pili tufani ikapita mbele yetu, nahodha akasimamisha meli mbali na pwani. Tulining'inia pale tukipanda na kushuka, vyombo vikivunjika jikoni. Sikujali kutapika. Nilijali kwamba Jumapili yangu moja ilikuwa inamwagika baharini, na meli ya kunirudisha ingeondoka Yokohama Jumamosi, niwe nimempata mtu wangu au sijampata. Nilimuuliza baharia mmoja kwa ishara, lini? Akainua mabega.

Tulifika Jumatatu badala ya Jumapili.

MAPAZIA

Sasa nifike kwenye kosa langu. Yeyote kati yenu atakayecheka nitamsamehe, ila asicheke mpaka amemaliza kusoma.

Nyuma ya stesheni ya Shinjuku kuna vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani bila kugeuka ubavu. Kuta ni za mbao zilizotiwa weusi na moshi, taa za karatasi nyekundu zinaning'inia, nyaya za umeme zimesukana juu kama kapu lililofumuka. Kila mlango ni duka la kulia na kunywea, na kila duka ni dogo kuliko chumba changu hiki. Viti sita, pengine vinane, mbele ya kaunta moja, na mpishi nyuma yake hana pa kugeukia. Treni zinapita ubavuni na glasi zinatetemeka. Harufu ya makaa na nyama ilinipiga nikakumbuka Ngamiani, kwetu Tanga, siku za Idi, nikasema, kaka yangu hakudanganya, yumo humu.

Lakini nitaingiaje? Karibu kila mlango ulikuwa na pazia la kitambaa, fupi, lenye maandishi, limeshushwa mpaka kifuani. Ninyi wa bara labda hamwoni shida. Mimi nimelelewa Tanga. Pazia likiwa limeshushwa mlangoni, ndani kuna watu wamejisitiri, huwezi kujitia kichwa. Unasimama kando, unapiga hodi, unangoja kukaribishwa. Nikasimama kando. Nikapiga hodi kwa sauti yangu hii mnayoijua. Mle ndani watu wanacheka, mafuta yanachachatika, nani angenisikia? Nikahesabu hodi tatu, nikaondoka, kama nilivyofundishwa.

Nikaona kuna milango michache isiyo na pazia. Nikasema, hii ndiyo iliyo wazi kwa wageni. Nikagonga. Kimya. Nikagonga mwingine. Kimya. Jumatatu jioni nilifanya hivyo, Jumanne tangu mchana mpaka jioni, na Jumatano tena. Milango yenye pazia nilipita nimeinamisha macho, kwa adabu. Isiyo na pazia niliigonga mpaka vidole vikauma. Nikaanza kuamini kwamba mji mzima umenikataa.

MUUZA BARAFU

Jumatano alasiri nilikuwa nagonga mlango mmoja namna hiyo alipokuja mzee na baiskeli, nyuma amefunga kipande cha barafu kikubwa kama jiwe la kaburi. Alikuwa akikipasua kwa msumeno na kugawa duka kwa duka. Alinitazama nikigonga, akasimamisha msumeno.

"Wewe unatafuta nini?" aliniuliza kwa Kiingereza cha vipande vipande. Baadaye aliniambia alikuwa mpishi msaidizi wa Waamerika baada ya vita.

"Nataka kuingia."

"Hapo pamefungwa."

"Na pale?" nikaonyesha mlango wa pazia.

"Pale pamefunguliwa."

Nikamwambia pazia limeshushwa. Akacheka mpaka akaegemea barafu yake. Akanishika mkono wa shati, akanipeleka mlango wa karibu, akamwita mwenye duka atoke na pazia lake. Akalitundika: "Njoo." Akalitoa: "Nenda." Akalitundika tena, kama anamfundisha mtoto. Kumbe huko pazia ndilo linalosema karibuni, na asubuhi mwenye duka akiliingiza ndani ndipo amefunga!

Sikucheka. Nilihesabu siku zangu. Zimebaki Jumatano iliyobaki, Alhamisi na Ijumaa.

MLANGO KWA MLANGO

Nilivuta pumzi nikatia kichwa chini ya pazia la kwanza. Watu wote wakapiga kelele kwa pamoja. Nikatoka mbio. Muuza barafu akanirudisha, akasema hawakukufukuza, hiyo ndiyo salamu yao kwa kila anayeingia. Nikarudi.

Kila duka nilikaa kwenye kiti cha pembeni. Nilipepea mikono kama mbawa ili waelewe nataka kuku, si nguruwe, na wateja wakapepea nami kwa furaha. Walinipa ngozi ya kuku, maini, vitunguu vya kuchoma. Mzee mmoja wa suti alinipapasa mkono aone kama rangi inatoka, kisha akaona haya akanipa tango lake. Mwenye duka, akiwa mwanamke, wote wanamwita Mama, hata wazee wanaomzidi umri. Nikishamaliza kula, natoa picha ya Athumani.

Jumatano hiyo walitazama picha vizuri. Waliiinamia, wakaipitisha mkono kwa mkono, wakauliza: nani huyu? Mwanamuziki? Baharia? Sijui, sijui, pole. Kwenye duka la sita, la mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi, picha ilipofika mkononi mwake aliirudisha haraka kama kaa la moto. "Hayupo," akasema. Niliondoka.

Alhamisi mambo yakabadilika. Niliingia duka la kwanza, na kabla sijagusa mfuko mwenye duka akatikisa kichwa. Duka la pili vivyo hivyo. Duka la tatu watu walinyamaza nilipoingia, na hakuna aliyepepea mbawa. Nilitoka nikasimama penye bomba la maji mwisho wa kichochoro. Jana waliuliza ni nani. Leo hakuna anayeuliza. Mtu asiyejua huuliza. Basi wanajua, na wameambiana.

Usingizi haukuja. Ijumaa alasiri, mama wa mvi alipotundika pazia lake tu, mimi nilikuwa wa kwanza kuingia. Aliniona, uso wake ukajikunja. Lakini mteja ni mteja. Akaniwekea kijiti cha kuku, na kando yake, kwenye kisahani, kitu cha njano na chekundu. Nikakionja.

Ilikuwa achari ya ndimu. Si ndimu tu: imetiwa pilipili, chumvi ya mawe, ikaanikwa juani, ikalainika namna ile ya kwa Mama, Tanga. Nilikuwa nimekula katika maduka kadhaa ya kichochoro kile, sikuwahi kuona kitu hicho. Nikainua macho. Juu ya kaunta palikuwa na dari ya mbao, chini sana, na ngazi nyembamba imeegemea tundu.

DARINI

Sijawahi kupaza sauti mbele ya watu. Siku ile nilisimama.

"Kaka Athumani," nikaiambia dari, "ni mimi Hamza. Niko peke yangu, sina askari. Mama mzima. Wanakusomea hitma wiki ijayo."

Wateja wawili waliokuwa wameingia waliacha kutafuna. Mama wa mvi akashika kisu chake, si kwa ubaya, alikishika tu. Mbao za juu zikalia. Mguu mmoja ukatokea ngazini, kisha wa pili.

"Hitma ya nani?" akauliza akiwa bado yuko nusu darini.

"Yako."

"Yangu mimi?"

"Kwani baba alizaa Athumani wangapi?"

Akashuka. Amekonda, aproni imemzunguka mara mbili, masharubu hana tena. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akanitikisa. "Na urefu huu umeupata wapi, mbilikimo wee?" Kisha akalia, mimi nikalia, na yule mama akaweka kisu chini akaenda kuliingiza pazia lake ndani, ingawa jua lilikuwa bado halijatua.

Alinieleza haraka. Alitoroka melini kwa sababu ya ofisa aliyekuwa akimpiga. Hana karatasi. Mwaka huu watu walikuja kuulizia wageni, na mama huyu akamficha darini. Niliponyanyua picha Jumatano, mama akadhani mimi ni chambo cha hao watu, akawaonya wenzake wote wa kichochoro.

"Mbona hukuandika, kaka? Miaka mitatu!"

"Niandike nini? Niliondoka nimemwahidi Zuhura nyumba. Nalala darini juu ya moshi. Kila nikishika kalamu nasema, acha mwezi mmoja zaidi, nipate la kumwambia."

"Zuhura hakuomba nyumba."

"Wewe unajuaje alichoomba?"

 Ni kweli, sikujua. Akageuza mishikaki iliyokuwa ikiungua, akasema bila kunitazama, "Waache wasome. Huenda ni nafuu kwake."

"Utasomewaje hitma nawe unageuza mishikaki?" Sauti yangu ilitoka kali, nikajishangaa. Yeye ni mkubwa wangu, kanibeba mgongoni. "Rudi nami uchukue adhabu yako, au mwandikie kwamba umemwacha. Usimfanye mjane wa mtu anayekula."

Mama wa mvi hakuelewa neno hata moja, lakini alichukua kijiti mkononi mwa Athumani, akamsogezea karatasi na kalamu yake ya kuandikia maagizo. Athumani akaishika kalamu. Treni tatu zilipita. Akaandika: *Zuhura, mimi ni mzima. Nisubiri mwaka mmoja.*

"Mwaka huo ni wa kweli?" nikauliza.

"Sijui."

"Basi usiuandike."

"Nimeshauandika," akasema, akaikunja.

YOKOHAMA, NA BARUA ZILIZONITANGULIA

Jumamosi asubuhi, kabla ya kupanda meli, nilipeleka telegramu kwa Baba Mdogo: ATHUMANI HAI NIMEMWONA MSISOME HITMA. Ile karatasi nikaituma kwa ndege. Kisha siku kumi na tatu nzima nilirudi nikitabasamu peke yangu. Shaabani ilikuwa bado haijaisha. Nilikula mayai, nikanywa chai, nikaiangalia misitu ya Urusi kama mtu aliyeshinda.

Hapa Jakobsberg nilikuta barua mbili chini ya mlango. Ya Baba Mdogo ilisema shehe alikuwa na safari, kwa hiyo waliitanguliza hitma. Waliisoma Alhamisi. Telegramu yangu iliwafikia Jumatatu, watu wameshakula na kuondoka. Nusu ya mtaa inasema nimeitunga ili kuzuia ndoa ya watu. Alhamisi! Ningeanza kuingia chini ya mapazia tangu Jumatatu ile jioni, ningemfikia Athumani Jumatano, na telegramu ingelala Tanga kabla ya kisomo. Hesabu hiyo nimeifanya kila namna na jibu halibadiliki.

Barua ya pili ilikuwa ya Zuhura, mwandiko wake mwenyewe, mzuri kuliko wangu. Naiandika kama ilivyo:

"Shemeji Hamza, karatasi imefika. Mwandiko ni wake, naujua. Namshukuru Mungu kwamba ni mzima. Eda nimetolewa, niko kwa mama. Lakini mwambie kwamba Alhamisi nilimlilia mbele ya watu wote, na Ijumaa, na Jumamosi. Nilimlilia kilio chote nilichokuwa nacho. Mwaka anaoutaka sina wa kumpa. Aje, au aniache, na aniandikie mwenyewe. Wewe usitumwe tena. Wewe si posta."

Kwa hiyo, dada Esta, ndiyo maana niliitazama sahani. Nimeanza barua ya kaka mara tatu nikaichana mara tatu. Nikianza na hitma naona namzika kwa mkono wangu. Nikianza na maneno ya Zuhura naona namfukuza darini hali hana pa kwenda. Nikianza na salamu, salamu zinajaza ukurasa na jambo lenyewe linabaki nje.

Ninyi mnajua kusema mambo. Niandikieni, hata mistari miwili, mniambie mngeanzaje. Msinijibu Jumapili mbele ya watu, sitaweza kuinua uso. Tupieni karatasi chini ya mlango wangu, au mpeni ndugu Kimaro akija upande huu. Ila msikawie, maana Zuhura hakusema atangoja mpaka lini, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Ndugu yenu,
Hamza